Chupa Niliyoitundika Mkoroshoni

Somoe mwanangu,

Asalamu alaikumu.

Mimi mjomba wako Issa, ambaye Mandawa nzima hajazaliwa wa kunishinda kusema, nimekaa hapa barazani tangu nilipotoka kuswali alasiri, kalamu mkononi, na maneno yamenikimbia. Nimeshachana karatasi tatu kwenye daftari lako la fizikia. Usinune. Lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe kwa mtu aliyefaulu namna ile.

Wewe umekwenda Likunja kuwaaga jamaa, na umesema magharibi haitakukuta njiani. Kesho alfajiri unapanda basi pale Ruangwa, unakwenda Singida kusomea uuguzi. Habari za ndoo, shuka, chandarua na namna ya kujihadhari na watu wa stendi sikuandikii. Hizo jirani yetu Mama Getruda amekusomea tangu juzi, na bado ana nyingine. Mimi nina langu moja. Nimelibeba miaka kumi na minne, leo nalitua. Likikuangukia mguuni, nisamehe, au usinisamehe, lakini lazima litue.

Kwanza tazama mwandiko ulivyolala vizuri. Nilifika darasa la tano tu, lakini daftari langu mwalimu mkuu alikuwa akiwaonyesha wageni.

Haya. Sijamaliza hata ukurasa, nimekwisha kuongeza. Mgeni pekee aliyewahi kufika shuleni kwetu ni bwana wa chanjo, na alikuja kuchanja, hakuomba daftari la mtu.

Wewe ulinijua mapema. Nikisimulia wale tembo walioingia shambani upande wa Mbwemkuru, nilivyowatimua kwa kandambili moja, ulikuwa unakaa pembeni unahesabu kwa vidole. Nikimaliza unauliza, "Mjomba, mwaka jana walikuwa wanne, leo saba. Wamezaa?" Watu wanacheka mpaka wanamwaga chai. Leo nakwambia kweli: alikuwa mmoja, na mimi nilipofika alikuwa anaondoka zake.

Uongo wa tembo hauna neno. Tembo hasomi. Kuna uongo mwingine ambao nimeulea nyumba moja na wewe, ukakua nao kama ndugu yako, na hujui.

Nianzie kwa bibi yako Mwanahawa, mama yetu mimi na mama yako. Hakujua kuandika hata jina lake, lakini nyumba yake ilikuwa na kitu ambacho mimi na ubingwa wangu wote sijawahi kukipata. Alikuwa haingii ndani bila kutoa salamu, hata nyumba ikiwa tupu, hata ndani akiwemo mbuzi tu. Mimi na Zuhura, mama yako, tulikuwa tunamcheka. "Mama, unamsalimu nani?" Anajibu, "Nawasalimu waliobaki wakanilindia nyumba." Alfajiri akishaswali hakurudi kulala. Alifagia uwanja akimtaja Mungu, ukisikiliza unasikia sauti mbili, ya ufagio na ya ulimi. Hakufunua chungu bila bismillahi. Na chakula kikiwa kidogo namna gani, sinia ni moja, mikono yote humo. Ugali wa watu wawili ulishibisha sita na mgeni juu. Nimeupigia hesabu ugali ule mpaka leo, haukubali.

Tena alikuwa na mkorosho wake ukingoni mwa njia ya kisimani. Nusu ya matawi yako shambani, nusu yametanda juu ya njia, kama unavyouona. Siku aliyoupanda alitia nia: kitakachoanguka upande wa njia ni cha mpita njia. Bibo, korosho, kivuli, vyote. Watoto wakitoka shule wakila mabibo pale, mama anasema, "Kuleni baba zangu, mnaniandikia." Maana ustadhi alifundisha kwamba ukipanda mti, akila humo mtu au ndege au mnyama, unaandikiwa sadaka. Mama hakuwa na kitu cha kupeleka msikitini. Alitoa tawi.

Mama akafariki. Shamba likabaki mikononi mwangu, ingawa kwa desturi yetu ya kufuata upande wa mama lilikuwa la Zuhura kuliko langu. Mama yako alinizidi miaka minne. Alikuwa amerudi nyumbani na wewe mgongoni, baada ya baba yako kwenda Msumbiji asirudi, akajenga kibanda chake ng'ambo ya kisima. Hakunidai shamba. Alilima kipande cha mihogo na mbaazi, akanyamaza.

Ulipokuwa na miaka sita, korosho ikapanda bei mpaka watu wazima na ndevu zao walikuwa wanakimbia wakisikia punje inaanguka. Mimi nikautazama mkorosho wa mama, nikaona mali yangu inamwagika njiani. Nikachukua chupa ya soda, nikatia maji na mkaa uliosagwa, nikaifunga kitambaa chekundu, nikaitundika kwenye tawi la upande wa njia. Kisha nikaenda kwenye kijiwe cha kahawa nikatangaza kwamba nimeweka kago.

Umezaliwa huku, kago unalijua, dawa ya kulinda shamba, mwizi akigusa inamkamata. Nikasema langu nimelitoa ng'ambo ya Ruvuma. Nikasema nimelala makaburini siku tatu kulipata. Nikasema atakayeokota korosho pale, tumbo litamvimba kama ngoma. Watu wakashika vifua. Somoe, siku tatu zile nilikuwa Nachingwea kwa rafiki yangu, naumwa jino.

Mama yako akaja palepale kijiweni. Hakufoka. Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia ninawe mikono tulipokuwa wadogo. "Issa, mti wa mama una nia ndani yake. Ukiifunga nia ya marehemu, umejifungia mwenyewe. Kashushe hiyo takataka."

Mzee mmoja akacheka, "Bingwa kafundwa na dada yake!"

Kicheko hicho tu, mwanangu. Hakikuwa hata kirefu. Kwa ajili ya kicheko hicho nikaacha kumwitika dada yangu salamu. Tukikutana kisimani yeye anasalimu, mimi napita kama nimesahau kitu mbele. Zile siku tatu ambazo dini inamvumilia mtu kumnunia ndugu yake zikapita. Ikawa wiki. Ukawa mwezi, ukazidi.

Sasa nikuandikie asubuhi ile. Sijui kama unaikumbuka, maana ulikuwepo. Mara nyingi nimekutazama nikajiuliza kama unaikumbuka, na nimeogopa kuuliza.

Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri. Nilikuwa ndani ya mbaazi, na mwaka ule mbaazi zilinizidi urefu. Nikasikia sauti njiani, nikachuchumaa. Mama yako anakuja, amekushika mkono, amefunga kanga kiunoni. Mkafika chini ya mkorosho. Usiku kulikuwa na upepo, korosho zimetapakaa njia nzima, hakuna aliyethubutu kugusa.

Wewe ukanyoosha kidole. "Mama, ile chupa ya nini?"

"Ya mjomba wako. Okota. Umesema bismillahi?"

"Nimesema."

"Sema tena na mimi nisikie."

Ukasema, kwa kile kithembe chako cha wakati ule. Kisha mama yako akainua uso kwenye matawi, akaongea kama mtu anayeongea na mtu. "Mama, ni mimi Zuhura. Naokota za upande wa njia tu." Na kweli, punje moja ilibingirika ikaingia upande wa shamba, wewe ukaikimbilia, akakurudisha kwa mkono. "Iache. Hiyo si yetu."

Nilikuwa hatua kumi na tano. Lilikuwa ni neno moja tu: dada, ni maji ya mkaa. Angecheka. Mama yako alikuwa na kicheko cha kuangusha mabibo. Tungecheka wote watatu pale njiani, ningekubeba begani, tungekwenda kunywa uji na ugomvi ungeishia hapo. Sikulisema. Nikaziba mdomo nisisikike ninavyocheka peke yangu. Nikasema moyoni, acha aende nazo, hofu itamfundisha mimi ni nani.

Yaliyofuata mengine nimeyapata kwa Mama Getruda, ambaye ni mtu wa parokiani na hawezi uongo hata wa mchezo. Haikupita wiki tumbo likaanza kumuuma mama yako. Akanyamaza nalo. Siku ya pili likavimba. Mama Getruda akamkuta amejikunja mkekani, anatetemeka kwa homa.

"Zuhura, inuka twende hospitali."

"Hili si la hospitali."

"Ni la nini?"

"Niliokota korosho kwenye mti wa mama. Kago la Issa."

"Si ulisema mwenyewe ni takataka?"

"Nilisema nikiwa mzima."

Neno hilo nimelala nalo miaka kumi na minne. Utalikuta huko uendako, Somoe, kwa maneno mengine. Mtu akiwa mzima anajua mengi. Tumbo likishavimba, anajua lile tu aliloogopeshwa.

Mama Getruda alikuja kijiweni mbio, unga bado uko mikononi. "Issa, dada yako anaumwa, tumbo limejaa. Nenda kaondoe dude lako."

Watu kama kumi wakanigeukia. Nilisikia hata maji ya kahawa yanavyochemka. Hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya pili, mbele ya watu, mchana kweupe. Na mimi nikaona macho yale yote, nikaona yamejaa hofu, na hofu ile ilikuwa tamu, mwanangu, sikufichi. Nikasogeza kikombe changu nikasema, "Kago lina masharti yake. Aje aniombe mwenyewe."

Mama Getruda alinitazama. Akasema, "Haya. Mungu na akuone," akaondoka.

Hakuja kuniomba, angekujaje? Hakuweza kusimama. Jamaa wakampeleka upande wa Mbwemkuru kwa mganga akatolewe kago ambalo halikuwepo. Siku mbili zilikwenda huko. Siku ya tatu moyo ukanishinda, nikaenda kibandani kwenu nikakuta umekaa mlangoni peke yako na bakuli la korosho hazijabanguliwa. Ukanisalimu. "Asalamu alaikumu, mjomba. Mama ameenda Nachingwea na gari." Mama Getruda alikuwa amekwenda kumtoa kwa yule mganga kwa nguvu, akaomba gari la watu.

Nikapanda pikipiki. Daktari akanikuta kwenye korido akasema, "Wewe ni ndugu? Kilikuwa kidole tumbo. Kimepasuka ndani. Mngemleta siku ya kwanza, leo angekuwa anagombea uji." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu.

Nikaingia wodini. Mimi ndiye niliyeingia, mimi ndiye mzima, salamu ilikuwa juu yangu. Yeye akafungua macho akanitangulia.

"Asalamu alaikumu, Issa."

Nikamwitikia kwa sauti, mara ya kwanza baada ya mwezi na ushei. Akasema, "Nisamehe mdogo wangu. Niliokota bila kukuambia."

Sasa soma taratibu, hapa ndipo mzigo wenyewe ulipo. Kijiwe hakikuwepo. Wale watu kumi hawakuwepo. Alikuwepo Mama Getruda na muuguzi mmoja anayekunja shuka. Hakukuwa na mtu wa kunicheka duniani. Nilifungua mdomo kusema ni mkaa, dada, ni mkaa na maji ya kisimani. Ulimi ukatoa mengine. Nikasema, "Nimekwisha kuliondoa, dada. Utapona."

Akafumba macho, uso ukalegea kama mtu aliyetuliwa ndoo. Akasema, "Ahsante. Mungu akubariki." Kisha baada ya muda akasema tena, "Somoe asikose salamu ndani ya nyumba. Na mti wa mama uufungue."

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Aliondoka duniani akinishukuru kwa kumtoa katika kitu ambacho sikuwahi kumtia, na sikumwambia kile nilichomtia kweli. Baraka ya mwisho aliyotoa mdomoni mwake alinipa mimi, nami niliipokea kwa uongo. Sijui baraka ya namna hiyo inakaa wapi. Sijawahi kumuuliza shehe.

Niliivunja ile chupa. Unajua watu walisemaje? Walisema kago limekula, limeshiba, mwenyewe amelipumzisha. Wakawa wananipisha njiani. Wengine wakaja niwawekee na wao, nikakataa, wakasema huyu ndiye fundi wa kweli, hafanyi biashara. Kila nilichogusa kikawa sifa. Mimi niliyezitafuta sifa tangu chekechea, nikavalishwa moja ambayo haivuliki. Mke niliyekuwa naye wakati ule alivumilia mwaka mmoja, akarudi kwao Liwale akaolewa na mtu asiyesema sana.

Nikakuchukua wewe. Na ule usia wa salamu niliutimiza, ulikuwa mwepesi kuutimiza kwa sababu ulikuwa unao tayari. Umeingia nyumba hii asubuhi, mchana, jioni, miaka kumi na minne, na hujawahi kuvuka kizingiti bila kusalimu. Watu wakisema Issa amemlea vizuri mpwa wake, mimi najisifu, wewe shahidi. Lakini ukweli ni huu: kila ukisalimu mlangoni namsikia yeye pale wodini ananitangulia. Ndiyo maana mara nyingine nilikuwa nachelewa kuitika, ukarudia ukidhani sijasikia. Nilisikia.

Ulipokuwa darasa la tatu ulirudi sketi imechanika na goti linatoka damu. Nikauliza nani amekupiga. Ukasema, "Nimepiga mimi. Wanasema mjomba wangu alimloga mama yangu. Nimewaambia mjomba wangu kuchinja kuku tu anamwita jirani, ataloga nani?" Kisha ukanitazama. "Si kweli, eti mjomba?" Nikasema si kweli. Hapo sikudanganya, wala sikusema kweli. Nikachukua maji nikakuosha goti, nikasema bismillahi kwa sauti ili usisikie kitu kingine.

Na ule mti. Ungedhani ungekauka, ndivyo hadithi zinavyotaka, na mimi ningekuwa nasimulia ningeukausha. Haukukauka. Ulizaa kuliko miaka yote, unazaa mpaka leo matawi yanaegemea chini. Lakini umeona mwenyewe: mabibo yanaoza njiani. Wapita njia wanauzunguka, wanapita majanini. Nimesimama pale nikawaita watoto, njooni okoteni, nimeufungua. Wanakimbia. Wewe uliniuliza mwaka juzi kwa nini watu hawali mabibo ya bibi, nikakwambia yana ukakasi. Si ukakasi. Mlango nilioufunga kwa uongo hauwezi kufunguka mpaka niseme kwamba ulikuwa uongo. Miaka yote hii sadaka ya mama yangu imekuwa ya nyuki na ndege. Wanadamu nimewazuia.

Sasa unaniuliza, mjomba, unaniambia nini na mimi nasafiri kesho?

Mimi si ustadhi. Juzuu ya Amma niliishia katikati, ingawa nilikwambia nimehitimu nikiwa na miaka saba. Sina hadithi za vitabuni. Nina vile vitu vya mama, nilivyoviona vikifanya kazi na nilivyoona nyumba inavyokuwa vikitoka. Wakati ule wa kumnunia mama yako nilikuwa nakula peke yangu, sinia limejaa, ugali wa watu sita, na naondoka na njaa. Mpaka ulipotia mkono wako mdogo upande wa pili wa sinia. Huko Singida usile peke yako ukiweza kumwita mwenzako, hata kama ni muhogo mmoja, hata kama huyo mwenzako ni wa parokiani kama Mama Getruda wetu. Mwite, mshukuru Mungu kila mtu kwa dini yake, mle.

Chumba chako kikiwa kitupu kisalimu. Watacheka. Waache.

Mkigombana na mtu, usilale kesho na keshokutwa ukihesabu nani amekosa. Mimi nilikuwa nahesabu, na hesabu yangu ilitoka sahihi kabisa, siku arobaini na moja, na mwisho wake nikamkuta kitandani.

Na bismillahi usije ukaitilia shaka kwa ajili ya yaliyompata mama yako. Usije hata siku moja ukasema aliitaja na haikumfaa. Zile korosho zilikuwa halali yake kuliko yangu, na bismillahi yake ilikuwa safi, niliisikia kwa masikio yangu kutoka kwenye mbaazi. Wewe ulikula zilezile, hukuumwa hata kichwa. Kilichomchukua ni kidole tumbo, na ulimi wa mdogo wake uliomfungia njia ya hospitali. Ajali ni ya Mungu, sibishani. Lakini siku zile mbili ni zangu.

Na hili la mwisho ni la kazi yako. Siku utakapovaa sare nyeupe, ataletwa mtu amechelewa. Tumbo limejaa, ndugu wamekaa kimya kwenye korido. Utatamani kufoka, mlikuwa wapi siku zote? Usifoke. Kaa kwenye ukingo wa kitanda umsalimu kwanza, umuulize anaogopa nini, na nani amemwambia. Ukimwona kati ya wale ndugu mwanaume mmoja anayesema sana, au asiyesema kabisa, mtoe nje umwambie, baba, kama una neno lisemee hapa, bado yuko hai. Mimi hakuna aliyenitoa nje. Si kwamba nawalaumu. Mimi ndiye niliyepaswa kumtafuta mtu wa kunitoa.

Somoe, nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga niikunje barua hii niitie chini ya begi lako, chini ya zile korosho nilizokubangulia, uikute Singida, mimi nikiwa mbali. Nimefika hapa nimeona hiyo ni kuchuchumaa kwenye mbaazi kwa mara nyingine. Kwa hiyo nitakupa mkononi, jioni hii, ukishanawa miguu. Utaisoma mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kulia, lia mbele yangu. Ukitaka kwenda kulala kwa Mama Getruda, nenda. Begi nitakubebea mpaka mlangoni kwake nirudi. Kesho stendi nitakuja hata kama hutaki kunitazama, nitasimama kando. Na Ijumaa baada ya swala nitaomba nafasi, nisimame mbele ya watu walewale, waliobaki hai, niwaambie ilikuwa mkaa. Watanicheka. Nimekiogopa kicheko hicho miaka kumi na minne, na sasa nakihitaji. Pengine jioni yake mtoto mmoja ataokota bibo.

Korosho zilizo begini ni za mti ule. Nimeokota upande wa njia tu, na nimemwambia bibi yako kwamba ni za kwako.

Radhi zangu unazo, hazina masharti. Zako siziombi leo. Nimeshakula za mama yako bila haki, siwezi kuharakisha na zako.

Naona vumbi kule kwenye mkorosho. Ni wewe, nakujua kwa mwendo, na umeinama unaokota kitu njiani. Wewe peke yako kijiji hiki huuogopi mti ule, na sijawahi kukuuliza kwa nini.

Umefika uwanjani. Umesalimu, nami bado nimeshika kalamu. Ngoja niiweke chini nikuitikie upesi, usije ukarudia mara ya pili.

Mjomba wako,
Issa